Mbegu ya mahindi huchaguliwa shambani, si ghalani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: nitapataje mbegu yangu mwenyewe ya mahindi, ya kurudia mwaka hadi mwaka, bila kwenda dukani kila masika? Nimefurahi sana kuzisoma. Huku kwetu Arumeru na kule Moshi Vijijini wakulima wa kilimo hai wameongezeka. Wanatengeneza mboji, wanapanda mikunde, wameacha dawa za viwandani. Lakini ikifika Februari wanapanga foleni kwenye duka la pembejeo kuchukua mbegu iliyopakwa dawa. Mbegu ndiyo mwanzo wa shamba, na mimi naamini mkulima wa kilimo hai anapaswa kuijua mbegu yake tangu ilipokuwa ua. Nimechagua barua saba na kuzifupisha kidogo.

*

*Shikamoo Mama. Nina ekari moja na nusu Kikatiti. Nimepata kilo chache za Situka kwa ndugu yangu na nataka nizalishe mbegu. Tatizo ni jirani. Pande tatu wanapanda chotara, na mmoja wao anapanda mahindi ya njano ya kuku. Bibi shamba ameniambia niache mita 200 kutoka shamba lolote la mahindi. Hizo mita 200 nitazitoa wapi? — Msomaji, Kikatiti*

Marahaba mwanangu. Bibi shamba hakukosea. Mita 200 ndizo zinazotakiwa kwa mbegu ya uchavushaji huria, yaani aina inayochavushana yenyewe shambani na unayoweza kuirudia, na sababu yake ni upepo. Mbelewele moja, lile ua la dume kwenye kilele cha bua, humwaga chavua kati ya milioni mbili na milioni tano. Chavua ya mahindi ni nzito, kwa hiyo nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwenye bua lake, lakini kiasi kidogo kinachopeperuka kinatosha kukuharibia aina. Kila uzi wa ndevu unaouona kwenye hindi changa umeungana na punje yake moja huko ndani, na uzi huo hupokea chavua yoyote itakayoufikia kwanza. Hauchagui ya kwako wala ya jirani.

Usipokuwa na mita, tumia muda. Mahindi yakitoa maua mwezi mzima mbali na ya jirani hayawezi kuchanganyika hata kama mpaka wenu ni mstari wa minyaa tu. Situka ilitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian hapa hapa Arusha na sifa yake ni kuwahi, ila kuwahi kwake peke yake hakukuokoi. Mkipanda wote wiki moja ya Machi, yeye chotara ya muda wa kati na wewe Situka, maua yenu yatapishana kwa wiki mbili hivi, na wiki mbili hazitoshi, kwa sababu ndani ya shamba moja tu mbelewele hutoka kwa kufuatana na ndevu hubaki tayari kupokea kwa siku kumi hivi. Wengine hushauri upande mapema Februari. Mimi sishauri. Utapishana na jirani kweli, lakini mahindi yako yatakauka mwezi Mei, katikati ya mvua za masika, na hindi linalokaukia kwenye mvua huota ukungu na kuleta sumukuvu. Hiyo si mbegu tena, na hata chakula si salama.

Kama una zamu ya maji ya mfereji, peleka mbegu yako vuli. Panda mwishoni mwa Septemba kwa kumwagilia, mvua za vuli zikute mahindi yako yapo magotini, mbelewele zitoke Novemba, uvune Januari kwenye jua kali la kiangazi. Jirani wengi wakati huo wana maharage na mboga. Hii ndiyo njia ninayoitumia mwenyewe na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inakupa vitu viwili kwa pamoja: maua yasiyo na mgeni na mavuno makavu.

Kama huna maji ya mfereji na masika ndiyo msimu wako pekee, basi kaa na jirani zako mapema, mwezi wa kwanza, kabla hawajanunua mbegu. Wa upande upepo unakotoka mpe Situka bure, apande mistari ishirini ya mpakani kwake. Kilo tatu nne za mbegu ni gharama ndogo kwa amani hiyo. Na yule wa mahindi ya njano mwombe apande mbali zaidi, upande wa pili wa shamba lake. Watu wengi hukubali wakielezwa vizuri.

Kisha panda shamba lako katika umbo la mraba, si ukanda mrefu mwembamba. Ekari moja na nusu ni mraba wa karibu mita 78 kila upande. Ukiacha mita 19 za pembezoni kila upande zikawa za chakula, unabaki na kiini cha mita 40 kwa 40. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, humo ndani una mimea kama 7,000. Mbegu yako itoke kwenye kiini hicho tu. Mistari ya pembezoni inakulinda kwa namna mbili: inapokea chavua ya jirani kabla haijafika ndani, na inamwaga chavua yako nyingi hewani ili ya mgeni izidiwe.

Jirani mwenye mahindi ya njano, usiyempenda, ndiye atakayekusaidia kupima. Situka ni nyeupe. Chavua ya mahindi ya njano ikiangukia ndevu za mahindi meupe, punje ile hutoka na unjano msimu huohuo, kwa sababu sehemu ya wanga wa punje hurithi kwa baba pia. Kwa hiyo siku ya kumenya, chukua mahindi ya mpakani na ya katikati, yamenye uyalaze sambamba kwenye turubai. Utaona punje ya njano imekaa peke yake kwenye safu nyeupe, labda mbili tatu kwa hindi la mpakani, na zitapungua kadiri unavyoingia ndani. Hapo unauona upepo wa shamba lako kwa macho. Hindi lenye punje hata moja ya njano liende jikoni. Ila usijidanganye: chavua ya chotara nyeupe haiachi alama yoyote. Ukiona kiini chako kina njano, jua na nyeupe ya wale jirani wengine imeingia vilevile.

*

*Mama, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 71, nalima Himo. Tangu zamani mbegu yangu ni Staha, naichagua mwenyewe ghalani: natazama mahindi makubwa kuliko yote, nayaweka pembeni. Miaka ya karibuni mahindi yangu yamekuwa marefu mno, yanachelewa, na upepo ukija yanalala. Je, mbegu imezeeka? — Mzee wa Himo*

Shikamoo mzee wangu. Mbegu haijazeeka. Imekutii. Umeichagulia ukubwa wa hindi kwa miaka mingi, nayo imekupa ulichokiomba pamoja na vinavyofuatana nacho. Hindi kubwa kabisa mara nyingi hutoka kwenye mmea mrefu uliochelewa, kwa kuwa mmea wa namna hiyo umepata siku nyingi zaidi za kujikusanyia chakula. Ukirudia kuchagua hivyo msimu hata msimu, shamba lote linasogea kwenye urefu na uchelewaji, na hindi linapanda juu kwenye bua. Upepo wa Himo unajulikana. Bua refu lenye hindi zito juu lazima lilale.

Shida ya pili ya ghalani ni kwamba hindi limekuja bila historia yake. Labda mmea wake ulikuwa karibu na lilipokuwa rundo la samadi. Labda jirani zake watatu hawakuota, ukabaki peke yake na mwanga wote na rutuba yote. Ukubwa ule ni wa mahali, si wa damu, na mahali hapaendi pamoja na mbegu.

Nikupe kisa cha Marekani, walikoanza mambo haya mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na maonyesho ya mahindi, majaji wanapima urefu wa hindi, unyoofu wa safu, jinsi ncha ilivyojaa. Mwaka 1904 kijana wa shule wa jimbo la Iowa, Henry Wallace, alipewa mahindi ya mashindano na profesa mmoja aliyeamini sana uzuri huo, Perry Holden. Kijana akapanda punje za kila hindi kwenye mstari wake, akapima mavuno. Mahindi yaliyopendeza machoni hayakuwa ndiyo yaliyozaa zaidi. Kijana huyo baadaye akawa Makamu wa Rais wa nchi yake, na kabla ya hapo alianzisha kampuni ya mbegu chotara. Lakini mimi namkumbuka kwa ile mistari ya shambani.

Kwa hiyo mzee wangu, shika kamba uingie shambani mahindi yakiwa yamesimama. Utaingia mara tatu.

Mara ya kwanza ni kabla mbelewele hazijamwaga. Ng'oa kila mmea usiofanana na Staha yako: ulio mrefu kupita wenzake, wenye milia ya ugonjwa kwenye majani, uliodumaa. Ukingoja mpaka umwage chavua umechelewa, mmea huo tayari umekuwa baba wa punje nyingi. Wakulima wengi hapa huona uchungu kung'oa mmea wenye afya. Ung'oe, ng'ombe atakula.

Mara ya pili ni wakati wa maua. Kata kanga iliyochakaa vipande vyembamba na ufunge kwenye mabua unayoyapenda. Upende nini? Mmea uliowahi kidogo kuliko wa jirani yake, ambao ndevu zake zimetoka siku chache tu baada ya mbelewele kufunguka. Mmea ambao ndevu zake zinachelewa sana nyuma ya mbelewele ni mmea unaoteseka na ukame au na njaa ya udongo. Funga vipande vingi, hata mara mbili ya idadi unayoihitaji, kwa sababu vingine utavifungua.

Mara ya tatu ni mahindi yakikauka. Sasa pita kwenye mabua yenye vipande vya kanga peke yake. Sukuma bua kwa kiganja usawa wa kifua: likirudi limesimama, zuri, likikatika au likibaki limeinama, fungua kanga yako uende. Tazama hindi limekaa wapi. Kwa shida yako ya upepo, chukua lililo kiunoni, liache la begani. Tazama maganda: yawe yamefunika mpaka ncha na kubana, na hindi liwe limeinamisha kichwa chini, maana lililosimama wima na kufunguka mdomo huingiza mvua, ndege na wadudu. Na jambo la lazima: mmea uwe na jirani pande zote. Wa pembezoni au wa kwenye pengo usiuchukue hata kama hindi lake linakujaza macho.

Tena gawa shamba lako vipande kumi hivi, na kila kipande kitoe mahindi yake bora kwa idadi sawa. Ukichagua shamba zima kwa pamoja, utajikuta umechukua yote kwenye kona yenye rutuba, na hapo utakuwa umechagua udongo.

Idadi nayo ina uzito wake. Chukua mahindi yasiyopungua 200. Najua utaona ni mengi kwa shamba dogo, lakini mahindi hayavumilii kuoana ndugu kwa ndugu. Aina ikirithiwa kutoka mahindi kumi au ishirini tu kila mwaka, baada ya misimu michache mimea inapungua kimo, inakosa nguvu, mavuno yanashuka, na mkulima husema mbegu imechoka. Mahindi 200 mazuri yatakupa kilo 20 na zaidi za mbegu, zinatosha ekari mbili. Yapukuchue na kuchanganya punje za yote, kila hindi litoe kiasi kilekile.

Kwa misimu mitatu minne utaanza kuliona shamba lako linashuka kimo. Usitegemee mwaka mmoja.

*

*Nimevuna chotara nzuri sana mwaka huu. Je, nikichagua kwa makini kama unavyofundisha, naweza kuipanda tena? — Msomaji, Usa River*

Itaota, lakini haitafanana na mama yake. Chotara ni watoto wa wazazi wawili waliochaguliwa makusudi, na nguvu yake kubwa ni ya uzao ule wa kwanza tu. Uzao wa pili hutawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja anawahi, mwingine anachelewa, na mavuno hushuka. Kama unataka kurudia, anza na aina ya uchavushaji huria: Staha kwa maeneo ya chini, Situka au Kilima kwa wa miinuko ya kati. Fedha utakayotoa mara ya kwanza ndiyo ya mwisho ukiitunza.

*

*Mama, Ngaramtoni huku mahindi yangu yamebadilika rangi, majani yanakauka kuanzia kingo wakati shina bado bichi, na mahindi mengine hayana punje. Naambiwa ni MLN. Nilikuwa nimeyatenga kwa mbegu. Nifanyeje? — Msomaji, Ngaramtoni*

Pole sana ndugu yangu. Ugonjwa huo (MLN ni kifupi cha jina lake la Kiingereza, Maize Lethal Necrosis) ulionekana Kenya mwaka 2011 na hapa kwetu mwaka 2012. Unatokea virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na wadudu wadogo kama vidukari, vithiripi na mbawakawa wa majani ndio wanaovisambaza. Hakuna dawa, ya asili wala ya dukani. Mmoja wa virusi hivyo unaweza kupita kwenye mbegu, kwa kiasi kidogo, lakini kidogo hicho kinatosha kuanzisha ugonjwa shamba jipya. Kwa hiyo usitoe mbegu hapo, hata kwenye mimea inayoonekana mizima. Ng'oa iliyougua, usiiburute kupitia shamba zima, na msimu ujao usirudishe mahindi mahali hapo. Panda maharage, viazi, alizeti. Mwite afisa ugani aone kwa macho yake kabla hujang'oa yote, maana ukosefu wa rutuba nao hugeuza majani rangi. Mbegu itafute kwa mtu wa eneo lisilo na ugonjwa.

*

*Nipo Mabogini, joto ni kali na scania hawana huruma. Nahifadhije mbegu mpaka masika bila dawa ya unga? — Msomaji, Mabogini*

Scania, yule mdudu mtoboa punje, au dumuzi kama wengine wanavyomwita, hupenda zaidi mahindi ambayo bado yapo kwenye gunzi, kwa sababu gunzi linamshikia punje asihangaike kutoboa. Basi usikae na mbegu kwenye magunzi. Ikikauka, pukuchua kwa mkono (mashine hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango), chekecha, toa zilizotobolewa. Punje ndogo za nchani na zile za duara za kitakoni peleka jikoni, ubaki na za katikati zenye ukubwa unaolingana.

Ukavu ndio kazi yote. Chukua chupa ya kioo kavu, weka punje kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado kuna maji, rudisha juani kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, tayari. Usikaushie kwenye lami wala juu ya bati saa saba mchana. Kiini cha punje huungua, na huwezi kukijua kwa kutazama.

Baada ya hapo funga hewa. Kuna mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa, na kuna madumu yenye mfuniko wa kubana. Jaza mpaka juu pasibaki nafasi, funga, weka kivulini, na usifungue mpaka siku ya kupanda. Mdudu aliyefungiwa humo humaliza hewa na kufa. Lakini sikiliza hapa vizuri: ukifunga mbegu yenye unyevu humo, utaua na mbegu. Wasio na mifuko watumie majivu makavu yaliyochekechwa, mengi ya kutosha kujaza kila nafasi kati ya punje, siyo ya kunyunyizia tu.

Wiki tatu kabla ya kupanda, hesabu punje 100, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani. Siku ya saba fungua. Zikiota 85 na zaidi, panda kwa raha. Zikiota 70, ongeza mbegu shimoni. Chini ya hapo tafuta nyingine.

*

*Mimi na wenzangu wanane hapa Uru tungependa kuuza mbegu yetu. Tuna nembo ya Kilimohai. Hiyo inatosha? — Mwenyekiti wa kikundi, Uru*

Haitoshi. Kilimohai inasema mmelima bila kemikali za viwandani, kwa kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007. Haisemi lolote kuhusu usafi wa aina wala uotaji. Mbegu ina sheria yake, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na wenye mamlaka ni TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwa kikundi kama chenu kuna daraja linaloitwa mbegu za kuazimiwa ubora, limewekwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Mnajiandikisha, mnafundishwa, mkaguzi anakuja shambani, na mbegu inauzwa karibu na inapozalishwa. Lazima muanze na mbegu ya aina iliyosajiliwa kutoka chanzo kinachotambulika, kama vile TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) au Wakala wa Mbegu za Kilimo. Nendeni kabla ya kupanda. Mkaguzi hawezi kukagua maua yaliyokwisha kukauka.

*

*Shikamoo Mama. Tulipokuwa tunabomoa jiko la bibi yetu Old Moshi tulikuta darini kibuyu cha mahindi: mekundu, meupe, mengine ya zambarau. Ni punje mia na kitu. Bibi amefariki na hakuna anayeyalima tena pale nyumbani. Naomba unisaidie yasipotee. — Mjukuu, Moshi*

Marahaba mjukuu, na Mungu ampumzishe bibi. Barua yako nimeiweka mwisho ili niijibu bila haraka.

Usiyapime uotaji, ni machache mno. Yagawe sehemu mbili sawa, kila sehemu iwe na rangi zote. Nusu moja funga kwenye chupa kavu, iweke kwenye friji. Nusu nyingine panda vuli hii, si moja kwa moja shambani: tumia vikombe vya karatasi vyenye mboji na udongo, punje moja kila kikombe, kivulini karibu na nyumba ambako kuku na panya hawafiki. Mbegu ya zamani huota polepole. Vumilia mpaka wiki mbili kabla ya kukata tamaa na kikombe. Ikifikisha majani mawili matatu, hamishia kitaluni jioni pamoja na udongo wake, usitingishe mizizi.

Kwa mimea michache hivyo upepo hutauachia kazi. Utachavusha kwa mkono. Hindi changa likichomoza kwenye kwapa la jani, livishe bahasha ya kaki kabla ndevu hazijaonekana. Ndevu zikishatoka ndani ya bahasha, jioni zikate kwa mkasi zibaki kama brashi fupi, urudishe bahasha. Jioni hiyohiyo vika mbelewele za mimea mingine kaki na ufunge chini kwa kamba. Kesho yake saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka, inamisha kila mbelewele, tikisa, utaona vumbi la njano limejaa kaki. Changanya vumbi la mimea yote, usimwache mmoja akazaa na wenzake wote. Fungua bahasha ya hindi upesi, nyunyiza juu ya brashi, funika tena, iache mpaka mavuno. Andika namba ya kila mmea kwenye kaki yake kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa mvua.

Usichague rangi. Wekundu wa ngozi ya punje hutoka kwa mama, kwa hiyo hindi lote huwa jekundu hata baba awe mweupe, lakini zambarau na njano za ndani hutofautiana punje kwa punje ndani ya hindi moja. Ukiitupa rangi moja leo hujui umetupa na nini kingine. Kutoka kila hindi chukua idadi sawa ya punje, hata lile dogo lililokonda, mpaka ufike mimea mia kadhaa. Siku hiyo ndipo uanze kuchagua.

Wakati unasubiri, tembea. Ulizia kwa mashangazi zako, kwa waliokuwa wanalima mpakani na bibi kule mashamba ya chini, na wanawake aliokuwa anaenda nao sokoni. Mbegu za zamani zilikuwa zinapewa mtu na mwenzake, na huenda kibaba kingine kipo juu ya jiko la mtu. Ukikipata, changanya na chako, ndugu zao waliopotezana watakuongezea damu. Na ukishavuna zinazotosha, chukua sehemu uipeleke Ngaramtoni hapa Arusha, ilipo hifadhi ya taifa ya mbegu asilia. Waandikie jina la kijiji, jina la bibi, na alivyokuwa anayapika.

Niandikie Desemba uniambie vikombe vingapi vimeota.